Hodi ya Tatu

Usiku wa kuamkia leo niliota jogoo ameketi kwenye ncha ya kitanda changu, amekunja mabawa kama hakimu, ananitazama. Mama Mwajabu, mke wangu, amelala upande wake, hana habari.

Kabla sijaendelea niseme kwamba mimi si mtu wa kutia chumvi. Chumvi yenyewe daktari alinikataza. Nasimulia nilichokiona, kama nilivyokiona, na anayebisha aote ndoto yake.

Jogoo aliniuliza naamka lini. Nikamwambia ndiyo kwanza nalala. Akasema basi hapo pana tatizo, kwa kuwa niliandika kwa mkono wangu mwenyewe na kubandika ukutani: Amka kabla ya jogoo. Yeye ni jogoo mtiifu. Tangu siku ile hajawika. Mtaa mzima umelala, mwadhini amelala, mama wa maandazi amelala, na jua limesimama chini kule upande wa bahari kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Wewe tangulia," akasema, "kisha mimi nifanye kazi yangu. Nina watoto."

Nikaamka. Mtu akikutajia watoto utafanyaje?

Hapa lazima mjue habari ya ile karatasi ya ukutani, la sivyo mtaniona nimechanganyikiwa. Mimi nilikuwa msoma mita za maji hapa Muheza mpaka nilipostaafu. Shule niliiacha darasa la nne, mengine nikajifundisha kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa sukari. Siku moja kwenye kahawa, Mzee Kihiyo alisema wastaafu wote huishia kucheza bao na kusema uongo. Nikamjibu kuwa mimi nitaandika riwaya, nene kiasi kwamba ikimwangukia mtu mguuni atachechemea, na itakwisha kabla ya Mfungo. Wakacheka mpaka muuza kahawa akasahau kudai. Nikarudi nyumbani, nikaandika masharti, nikabandika. Amka kabla ya jogoo. Usiinuke kitini mpaka ukurasa ujae. Simu ikae mbali.

Na nilianza vizuri, Mungu shahidi. Riwaya yangu inamhusu Bakari Zigira, fundi cherehani mpole, mseja mpaka mvi zimemwota masikioni, ambaye kwa miaka mingi amempenda mjane mmoja, Bi. Sauda, bila kumwambia kitu zaidi ya bei ya kupunguza gauni. Alasiri moja ya mvua anajipa moyo, anavaa koti, anakwenda kwake kusema yaliyo moyoni. Anafika mlangoni. Anapiga hodi. Kimya. Anapiga hodi ya pili.

Hapo ndipo nilipoitwa kwenye kikao cha kamati ya harusi.

Katika mji wetu mtu mwenye mwandiko mzuri ni mali ya umma, kama bomba la njia panda. Harusi, msiba, madrasa, mfereji uliozibika, wote wanahitaji katibu, na katibu ni Mzee Mhina, yaani mimi. Nilitoka kikao cha harusi nikaingia cha arobaini, cha arobaini kikazaa cha kukarabati choo cha madrasa. Zigira nikamwacha palepale. Nilimwacha michungwa ikitoa maua, na sasa machungwa yenyewe yamekwisha sokoni.

Nanyi mnajua kwetu hodi ni tatu. Ukipiga ya tatu usijibiwe, unageuka unakwenda zako, na mwenye adabu harudi tena siku hiyo. Zigira ni mtu mwenye adabu sana. Mimi ndiye niliyemuumba hivyo, na nimejuta. Akipiga ya tatu bila jibu, ataondoka, na riwaya yangu imekwisha ukurasa huohuo, nyembamba kama mkate wa sinia uliokosa hamira.

Basi, nimeamka. Naketi mezani. Kiti changu cha mninga kinanikumbatia kiunoni kwa mikono yake miwili.

Nikakiuliza ni nini hiki. Kikasema kimesoma ukutani. Nikakiambia nataka kwenda msalani tu. Kikasema ukutani hapakuandikwa habari za msalani.

Simu ikaita. Siioni, kwa sababu imehamia Lushoto. Nilipokea kwa kitu gani sijui, na ndotoni haulizwi mtu. Simu ikanieleza kuwa ilipoambiwa ikae mbali ilikwenda kituoni, ikapanda gari, sasa imepanga chumba kule juu. Mwenye nyumba ni mtu mwema, ila baridi ni kali na inalala ndani ya soksi. Iliomba nikipata mtu wa kuja huko nimpe kitambaa kizito. Halafu, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, ikasema kuna kikao, nahitajika, watu wamekwisha kufika.

Nikasema siendi, nimefungwa kitini.

"Hilo halina neno," kiti kikajibu. "Tutakwenda wote."

Kikainuka na mimi juu yake, kikatoka mbio kwa miguu minne. Mlango wa sebule unafungukia soko la machungwa. Soko limelala, wachuuzi wamelala juu ya magunia yao. Tunakata kona kwenye duka la mafuta ya taa na kona hiyo ni uwanja wa shule niliyoiacha darasa la nne. Katikati ya uwanja limefungwa turubai la bluu, lile la kukodi, lenye tobo juu ya kila mtu muhimu.

Mwenyekiti alikuwa chupa ya chai. Nilimfahamu mara moja. Ni ile nyekundu kubwa ya mtaani kwetu, ambayo imehudhuria harusi nyingi kuliko shehe. Kifuniko amekivaa upande, kama kofia ya mtu mwenye shamba. Kuliani kwake alikaa saa ya ukutani. Kushotoni sufuria la pilau, mnene, anapumua kwa shida. Nyuma kabisa alikaa mita ya maji, niliyemsoma kwa miaka mingi nyuma ya hospitali. Akanipa salamu ya macho tu, kama wafanyakazi wa zamani wanavyosalimiana mbele ya wakubwa.

Na mbele ya turubai, uwanjani, umesimama mlango. Mlango mtupu na fremu yake, hauna nyumba. Mbele ya mlango amesimama Bakari Zigira, mkono umeinuliwa, koti limelowa mpaka linameta. Mvua inanyesha juu yake peke yake. Wajumbe wengine wote wamekaa pakavu.

Chupa ya chai alikohoa mvuke, akafungua kikao. Alisema kwa ufupi tu kwamba tumekutana kusikiliza malalamiko ya ndugu huyu, aliyeachwa mlangoni mwa watu kama mwavuli, dhidi ya mtu aliyemwacha, ambaye ni Mzee Mhina, ambaye yupo hapa na tunamkaribisha. Wakanipigia makofi.

Ikumbukwe nilikuwa mshitakiwa.

Kisha mwenyekiti akatazama huku na huku, akasema kikao hakiwezi kuendelea bila katibu. Nikajua. Sufuria la pilau hakupoteza muda. Alisema mbona Mzee Mhina yupo, na mwandiko wake umenyooka kama umepigwa pasi. Wakakubali kwa kauli moja. Mtu akaniwekea karatasi magotini. Mwingine akanitilia kalamu mkononi.

Na mimi, sitaficha, nilifurahi. Kule mezani kwangu kalamu huwa nzito kama mchi wa kinu. Pale ilikimbia yenyewe. Nikaandika tarehe, mahali, waliohudhuria, waliotoa udhuru. Jua, kwa mfano, lilitoa udhuru. Nikaandika kwamba mshitakiwa amehudhuria na amevaa kanzu ya kulalia.

Kikao kikaendelea. Ajenda ya kwanza ilikuwa chai. Mwenyekiti alijimimina mwenyewe, akawasihi wajumbe wasione haya. Ajenda ya pili ilikuwa kama kuna sukari. Kila mjumbe aliposema "kwa ufupi tu", mshale wa saa uliruka mzunguko mzima, na saa ya ukutani akameza mate kama mtu aliyekula kitu kitamu. Nilipomtazama, aliniambia nisiwe na wasiwasi, muda upo. Akajipangusa mdomo.

Sufuria la pilau alitaka ieleweke kwamba kazi ya kuandika vitabu si mbaya, yeye mwenyewe ana mpwa anayesoma, lakini jamii kwanza. Mita ya maji alisimama, akatoa ushahidi kwa tarakimu, akakaa. Mwenyekiti akapendekeza iundwe kamati ndogo ya kuchunguza mvua ile inatoka wapi. Nikaandika. Kurasa zikajaa moja baada ya nyingine, na kila ukurasa ulipojaa nilikinong'oneza kiti kiniachie.

"Huo siyo," kikasema.

Nikakionyesha mwingine.

"Wala huo."

Zigira alikuwa ametulia muda wote huo. Sasa akageuza shingo kidogo, mkono ukiwa bado juu, akaniita. Hakuwa na hasira. Nilimwandika bila hasira, na hilo nalo nimelijutia.

"Mzee wangu," akasema, "ulipokuwa ukisoma mita, ulipiga hodi kwenye nyumba ambazo unajua kabisa watu wamo ndani?"

Nikamjibu kuwa ndiyo. Zilikuwa nyingi. Mtu unasimama uani na daftari lako, unasikia kijiko kikikoma ndani ya kikombe, unasikia mtoto akizibwa mdomo. Pazia linacheza na upepo hakuna. Wanadhani umekuja kukata maji, na wewe umekuja kusoma tu.

"Ulikuwa unafanyaje?"

Nilimwambia nilikuwa naita mara tatu, kisha nakwenda nyumba ya pili.

"Basi na mimi mkono umechoka," akasema. "Nitaita ya tatu, mzee wangu. Sitakulaumu."

Mwenyekiti aliuliza kama maneno hayo yaingie kwenye kumbukumbu za kikao. Wajumbe wakasema yaingie. Na mkono wangu, kwa mazoea ya miaka, ukaanza kuandika: Mlalamikaji alieleza nia yake ya kupiga hodi ya tatu. Kikao kilipokea. Nikainua macho. Zigira amevuta pumzi. Kifua kinapanda. Ninamwona anaondoka, ninamwona mgongo wa lile koti ukipotea upande wa shule, na mimi hapa naandika kwamba kikao kilipokea.

Nikaweka kalamu chini.

"Mwenyekiti," nikasema, "mimi si katibu."

Sufuria la pilau alidondosha mfuniko. Saa ya ukutani aliniuliza kwa sauti ndogo kama ninaumwa. Mwenyekiti aliegemea mbele, mvuke umemkauka, akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni wa mji, kwamba hakuna anayejiuzulu ukatibu. Ukatibu huachwa kwa kufa, na hata hapo marehemu hutakiwa kukabidhi. Nikamwambia naomba radhi kwa wajumbe wote, mwandiko wangu ni huo lakini una mwenyewe, na mwenyewe amesimama pale mvuani.

Hawakunigombeza. Ningependelea wanigombeze. Walinyanyuka taratibu, wakakunja turubai, kila mmoja akachukua alichokuja nacho. Sufuria la pilau alisema lilikuwa wazo tu. Mita ya maji alipita karibu yangu, kioo chake kikameta. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka.

Nikakiambia kiti twende mlangoni. Kikazunguka mlango kwa nyuma, nasi tukajikuta ndani ya nyumba. Jikoni. Kuna mkaa unawaka, kuna harufu ya hiliki. Bi. Sauda amesimama na mwiko mkononi, uso ameelekeza mlangoni, mdomo ameufungua nusu. Hajafumba tangu maua ya michungwa.

"Ndiyo unafika," akaniambia, pembeni ya mdomo uleule.

Nikamsalimu. Nikamuuliza kwa heshima mbona hamjibu mtu wa watu, analowa.

"Mimi? Mimi ningemkaribisha kabla hajagusa ubao. Nyayo zake nazijua toka njia panda. Lakini neno lenyewe umenipa? Umeniandikia mwiko, umeniandikia kanga, umeniandikia na kidoti shavuni ambacho sikukuomba. Neno moja la kumjibu mwanamume huna."

Nilijitetea kuwa sikupata muda. Kulikuwa na vikao, kulikuwa na choo cha madrasa. Bi. Sauda alinitazama kwa pembe ya jicho. Wanawake wa Muheza wana mtazamo mmoja ambao huvua watu kanzu, na mimi ndiye niliyemwandikia.

"Baba," akasema, "acha choo cha madrasa. Unaogopa nini?"

Basi nikamwambia. Nilimwambia sijui mlango ukifunguka kinatokea nini. Sijui Zigira ataanza vipi, yeye atamjibu nini, sijui kama atakubali au atamcheka. Kurasa zile za nyuma nilikuwa nazijua toka zamani. Kuanzia pale mbele ni peupe, na kila nikikaa kuandika moyo unadunda, ndipo mtu akiniita kwenye kikao naona nimeokolewa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akageuza mwiko mkononi.

"Hata mimi sijui nitamjibu nini," akasema. "Wewe andika aingie. Hayo mengine tutayajua chai ikishamiminwa."

Nikapapasa karatasi. Zote zimejaa ajenda. Nje nasikia pumzi ya Zigira ikifika juu, kama mtu kwenye ukingo wa maji baridi. Nikainama na kiti changu mpaka kwenye jiko, nikachukua kipande cha mkaa, nikausogelea mlango kwa ndani. Ubao unakwaruza. Naandika neno moja, mwandiko unakwenda kombo, mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuandika tangu darasa la pili.

"Ho—" Zigira akaanza.

"Karibu," akasema Bi. Sauda.

Alilisema kawaida tu. Kama unavyomwambia jirani aliyekuja kuomba kiberiti.

Mlango unafunguka. Zigira amesimama kizingitini, mvua mgongoni, neno lililokatika bado limemkaa mdomoni na hajui aliweke wapi. Anasema starehe. Halafu anainama, anavua viatu. Viatu hivyo sijawahi kuviandika, naapa. Vikubwa, vya ngozi, vya mtindo wa zamani, cha kushoto kimelika upande wa nje kama cha mtu anayekanyaga cherehani. Anaviweka sambamba juu ya baraza, ncha zimetazama ndani. Bi. Sauda anamwambia aviingize, vitalowa. Zigira anasema havina neno, mama, vimezoea, asimchafulie nyumba. Wanabishana. Anaviacha.

Anapita mbele yangu bila kuniona. Anaketi. Chai inamiminwa. Anashika kikombe kwa mikono miwili, anafungua mdomo aseme lile jambo alilolibeba miaka yote, na mimi nainama nisikie.

Kiti kikaniachia.

Nilianguka kutoka kitandani kwa kishindo. Mama Mwajabu aliuliza, bila kufumbua macho, kama nimevunja kitu changu au cha watu. Nikamwambia changu. Akasema vema, akajifunika. Nje mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na sasa imekatika, na majogoo wa mtaa mzima walikuwa wanawika kama wamelipwa.

Sikunawa hata uso. Nilikwenda mezani nikaketi, nikaandika neno lile, na baada ya neno lile likaja jingine. Zigira alianza vibaya sana. Alianza kwa kuuliza kama gauni la Idi bado linambana. Niliandika mpaka ukurasa ukajaa nikageuza wa pili, mpaka nikasikia ufagio wa Mama Mwajabu nje, kwenye kile kibaraza chetu kisicho na paa, na baadaye nikasikia ufagio umesimama.

"Baba Mwajabu," akaita. "Hebu njoo."

Nikatoka. Kibaraza chote kilikuwa kimelowa, saruji imekuwa nyeusi kwa maji kutoka ukutani mpaka ngazini. Isipokuwa mbele ya mlango. Pale palikuwa na mabaka mawili makavu, meupe, sambamba, yenye umbo la nyayo za viatu vikubwa. Ncha zimetazama ndani. La kushoto lilikuwa limelika upande wa nje.

Mama Mwajabu aliyatazama, akaitazama miguu yangu, ambayo ni midogo na anaijua. Akayatazama tena.

"Tulikuwa na mgeni?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Ameondoka saa ngapi, hata sijamsikia?"

Nikamwambia hajaondoka. Yumo ndani, anakunywa chai, na ana jambo zito anajaribu kulisema, kwa hiyo mtu yeyote akija kuniita kikaoni amwambie nina mgeni.

Aliegemea ufagio. Nilidhani atacheka. Kisha akainama akaendelea kufagia maji, taratibu, akiyazunguka yale mabaka mawili bila kuyagusa.

Nami nikarudi ndani, mgeni asije akaona ametelekezwa.